Kwenda kuangalia historia ya vita Dar na kupiga picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeshawapeleka watu wengi kuangalia historia ya vita hapa Dar, ndugu waliokuja toka mkoani, watoto wa majirani, wanafunzi waliopewa asainmenti na mwalimu, na maswali ni yaleyale kila mara kwa hiyo nimeyaandika na majibu yake. Mengine nimejibu kwa kifupi, mengine nimejiachia kwa sababu naona jambo lenyewe ni kubwa na watu wanalipita tu. Kitu kimoja nakuomba kabla hujaanza kusoma: ukipiga picha ya bunduki, sanamu, kaburi, chochote kile, piga na maandishi yake. Picha ya bunduki bila maelezo baada ya miezi miwili ni picha ya chuma tu, hata wewe mwenyewe hukumbuki ilikuwa ya nani.

Hivi Dar kuna makumbusho ya vita?

Kwa raia wa kawaida sehemu ya kuanzia ni Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, pale mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Botaniki, kwa upande wa pili kuna chuo cha IFM. Sio makumbusho ya jeshi peke yake, usiende ukitegemea kukuta vifaru vimepangwa. Jengo la zamani lilifunguliwa 1940 na Waingereza kwa kumbukumbu ya mfalme wao George wa Tano, leo ndani kuna mpaka fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959, kuna magari ya zamani ya viongozi, na kuna habari za ukoloni na upinzani wa watu wetu, Maji Maji ya 1905 mpaka 1907, Mjerumani, Mwingereza, mpaka uhuru. Ndio hapo vita inapoingia.

Ila ukimaliza ndani usirudi nyumbani. Nusu ya historia yenyewe iko nje mtaani na haina kiingilio: Sanamu ya Askari pale Samora, mnara wa mashujaa Mnazi Mmoja, Kariakoo yenyewe, na makaburi ya vita barabara ya Ali Hassan Mwinyi.

Nikipanda daladala zilizoandikwa Makumbusho nitafika?

Hapana, na hili linawapoteza watu kila wiki. Daladala ya Makumbusho inakupeleka stendi ya Makumbusho, Kijitonyama, na pale karibu kuna Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila yetu. Ni pazuri sana, nenda siku nyingine na watoto, lakini mambo ya vita huyakuti pale. Wewe unataka mjini, Posta.

Sasa nafikaje?

Mwendokasi ya Kivukoni ndio rahisi, au daladala yoyote ya Posta. Ukishuka uliza IFM au Botaniki, kila mtu anapajua, kwa mguu sio mbali. Ukitokea upande wa Kivukoni kumbuka unapita maeneo ya Ikulu, kwa hiyo kamera iache kwenye begi mpaka ufike, hiyo nitaieleza chini.

Kiingilio na muda ukoje?

Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, na mwanafunzi anapungukiwa zaidi kwa hiyo beba kitambulisho cha shule au chuo. Bei sizitaji kwa sababu zinabadilika, uliza getini siku hiyo. Beba pesa taslimu na uwe na salio kwenye simu pia, maana sehemu nyingi za serikali siku hizi ni kulipa kwa kontrol namba. Kuhusu muda nenda asubuhi tu. Mchana wanafika wanafunzi kwa mabasi, wanajaa vyumbani, hupati nafasi ya kusimama na kitu ukakiangalia.

Ndani wanaruhusu kupiga picha?

Uliza mapokezi kabla hujatoa simu, hata kama mwaka jana ulipiga. Ukiuliza kwa adabu, "shikamoo mzee, naomba kujua utaratibu wa picha," unapata jibu na mara nyingi unapata na mtu wa kukuzungusha. Flashi zima kabisa. Sio ubishi wa walinzi, mwanga mkali unaorudiwarudiwa unafifisha karatasi na nguo na rangi za zamani, na kile kitu hakina kingine cha kukibadilishia. Tripodi na mataa ni habari nyingine, hiyo inahitaji ruhusa ya uongozi. Na pale unapoona alama ya kamera imekatwa mstari, ndio hivyo, usiibie kwa simu ya kiunoni.

Picha zangu zinatoka na mng'ao wa kioo, naonekana mimi mwenyewe na simu yangu. Nifanyeje?

Hili naulizwa kuliko yote. Kwanza vaa shati la rangi nyeusi au bluu iliyokolea, nyeupe ndio inayojirudisha kwenye kioo. Pili sogea, weka simu karibu kabisa na kioo bila kukigonga, au iegemeze taratibu na kiganja chako ukizungushie pembeni ya lenzi kama unavyokinga kiberiti na upepo. Ukiwa karibu hivyo mng'ao hauna njia ya kuingia. Kama kitu ni kikubwa na huwezi kusogea basi simama kwa upande kidogo, usisimame mbele yake uso kwa uso, na mwombe mwenzako asimame nyuma yako akiwa ameshika koti au kanga nyeusi, inakata mwanga wa dirishani.

Halafu futa lenzi. Nasema kweli, nusu ya picha zenye ukungu ni jasho la mfukoni tu, tuko Dar, unyevu huu na joto hili, unatoka juani unaingia ndani na simu ilikuwa kwenye suruali. Gusa kwenye skrini pale penye kitu chenyewe ili simu ipime mwanga wa hapo na sio wa taa ya juu. Piga tatu, sio moja, mikono inatetemeka kwenye mwanga mdogo.

Na utaratibu wangu ni huu: picha ya kwanza ni kibao cha maelezo, ya pili kitu kizima, ya tatu sehemu ndogo uliyoipenda, kitasa, nembo, namba iliyochongwa. Ukirudi nyumbani picha zimejipanga zenyewe kwa mfuatano huo. Niliwahi kupoteza picha za siku nzima kwa kutokuzihamisha kwenye memori kadi iliyokuwa imeanza kusumbua, na kati ya hizo kulikuwa na sura ya mzee mmoja aliyetusimulia mambo ya vita na ameshafariki sasa. Siku hizi jioni ileile nazituma sehemu mbili kabla sijala.

Sanamu ya Askari ninaipiga tu?

Ndiyo, iko wazi katikati ya kipilefti, Samora na Azikiwe, watu wanaipiga kila siku. Angalia magari, usirudi nyuma kinyumenyume ukitafuta engo maana bodaboda hazikusubiri. Jumapili asubuhi ndio wakati wake, mji umetulia, jua halijapanda. Jua la saa sita linamtia kivuli usoni chini ya kofia unabaki na picha ya mtu asiye na uso.

Sasa naomba usipige ukaondoka. Zunguka usome. Pale palipo huyu askari, enzi za Wajerumani palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, yule aliyetumwa kuuzima upinzani wa pwani wakati wa akina Bushiri. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 wakaing'oa wakaipeleka kwao, na 1927 wakasimamisha huyu, askari wa shaba, Mwafrika, ameinama mbele na bunduki yenye singe, na singe yenyewe inaelekea bandarini. Chini kuna maandishi kwa Kiingereza na Kiswahili, ya Kiingereza aliyaandika mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, na yanawataja sio askari tu, yanawataja wapagazi, kwamba ndio walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hicho kibao ndicho nataka ukipige. Karibu watu wote ninaowaona wanapiga sanamu, selfi, wanaondoka, na wapagazi wanabaki pale chini bila kusomwa.

Vita ile ya 1914 mpaka 1918 huku kwetu haikuwa na reli kila sehemu wala barabara, na ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga, kila kipande cha mzinga kilibebwa kichwani na mtu. Mtu mwenyewe mara nyingi alikamatwa kijijini kwake akaambiwa beba. Wengi zaidi walikufa kwa njaa, kuhara, malaria na baridi kuliko waliokufa kwa risasi. Na pande zote mbili zilifanya hivyo, Mjerumani na Mwingereza.

Ni kweli Kariakoo ni jina la vita?

Kweli kabisa. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi wakikiita Carrier Corps, na baada ya kuchukua mji 1916 wapagazi wakawekwa kambini pale. Watu wakalitamka kwa ulimi wetu, Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, asili yake ni hiyohiyo. Kila siku watu wanabebana na mizigo pale, makuli na mikokoteni, kwenye eneo lenye jina la wabeba mizigo wa vita, na wengi hawajui. Soko kubwa la kisasa la pale alilichora msanifu wetu Beda Amuli na lilifunguliwa 1975.

Kupiga picha Kariakoo piga ukiwa umesimama sehemu moja, simu mbele na begi mbele. Na watu wa pale hawapendi kupigwa ghafla, msalimie mtu, mwambie unafanya nini, wengi watakubali na mwingine atakwambia babu yake alibeba.

Makaburi ya vita yako wapi na naruhusiwa kuingia?

Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ukitokea mjini ukishavuka daraja la Salenda. Yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Makaburi mengi ya pale ni ya Vita ya Kwanza, na sehemu yake yalikuwa upande wa Ocean Road yakahamishwa miaka ya 1960 kupisha barabara. Msalimie mtunzaji, mwambie umekuja kutembelea, ingia taratibu.

Hapa ndipo napenda watu wakae. Mawe meupe yote kimo kimoja, nyasi zimekatwa, kila jiwe lina nembo ya kikosi, namba, jina, tarehe. Chuchumaa mbele ya moja tu. Usipige shamba zima la mawe ukadhani umepiga makaburi. Chagua jiwe moja, subiri mwanga wa ubavuni wa asubuhi au saa kumi jioni, herufi zilizochongwa zinajaa kivuli zinasomeka vizuri, mchana mweupe zinapotea. Mengine hayana jina, ni askari asiyejulikana.

Halafu jiulize wapagazi wako wapi. Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba baada ya Vita ya Kwanza Waafrika na Waasia wengi hawakukumbukwa sawa na wenzao wazungu. Ilikadiria watu kati ya 45,000 na 54,000 walikumbukwa kwa namna isiyo sawa, na wengine kuanzia 116,000 mpaka labda 350,000 hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Hesabu hiyo mimi ikinijia nikiwa nimesimama pale kwenye nyasi inanikaa kifuani. Babu zetu wamo humo. Hawana jiwe, wana kile kibao cha Samora na jina la soko.

Adabu za makaburini unazijua: usikae juu ya jiwe, usiegemee, usifanye ishara ya bunduki kwa vidole ukipigwa picha, mziki wa simu zima. Ukimkuta mtu amekuja kwa ndugu yake mpishe kwanza.

Ni wapi hairuhusiwi kabisa kupiga picha?

Kambi za jeshi, geti lake, ukuta wake, kibao chake. Ikulu. Vituo vya polisi na magereza. Askari walio kazini, wa aina yoyote. Bandari na uwanja wa ndege usijiamulie mwenyewe. Kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inayohusu maeneo yanayolindwa na sio ya mzaha. Na ukiona kibao cha eneo la jeshi usianze kutafsiri wanamaanisha nini, weka simu mfukoni.

Nilishawahi kusimamishwa. Nilikuwa nampiga mpwa wangu picha pembeni ya barabara, mti mzuri una maua mekundu, mkrismasi ule, na nyuma ya mti kwa mbali kulikuwa na geti ambalo wala sikuliona kwa macho, kamera ndio ililiona. Akaja kijana amevaa kiraia akaniambia kaka naomba simu. Nikampa. Sikubisha, nikamwamkia mkubwa wake aliyekuja baadaye, nikaeleza, nikafungua picha mwenyewe, nikafuta mbele yao mpaka kwenye kapu la taka la simu, wakaniambia nenda salama. Ilichukua kama nusu saa na mtoto alikuwa analia. Tangu siku hiyo kabla sijabonyeza naangalia pembe nne za skrini, nyuma kuna nini. Nakushauri na wewe ufanye hivyo, na ukisimamishwa usikimbie, usirekodi, usipandishe sauti.

Naweza kuvaa kombati ili picha zitoke kivita?

Usivae. Nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi raia haruhusiwi, na 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wazisalimishe. Haijalishi umenunua mtumbani Ilala kwa elfu tano na imetoka ng'ambo. Hata kofia na begi la mabaka liache nyumbani.

Droni?

Bila kibali usirushe. Unahitaji mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, na kibali cha Wizara ya Ulinzi. Na mjini kati pale karibu na Ikulu hata usiwaze.

Kambi ya Lugalo ina historia, naweza kwenda kuiona?

Kupiga picha hapana, soma jibu la juu. Ila historia ya jina lake nakupa hapahapa kwa sababu naipenda. Waingereza waliiita Colito, kwa jina la mapigano ya 1941 kule Ethiopia ambako askari wa King's African Rifles, wazee wetu waliwaita Keya, waliwapiga Waitaliano. Pale Colito ndipo yalipoanzia maasi ya askari wa Tanganyika Rifles usiku wa kuamkia 20 Januari 1964, askari walitaka mishahara na maofisa Waafrika, na serikali changa ikatikisika mpaka wakaitwa makomandoo wa Kiingereza kuyazima tarehe 25. Baada ya hapo jeshi lile likavunjwa na 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ. Na kambi ikapewa jina Lugalo, pale Uhehe ambapo 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa walikiteketeza kikosi cha Mjerumani na kamanda wake Zelewski akafa. Kwa hiyo kambi ileile imebeba kwanza ushindi waliopigania kina babu chini ya bendera ya mtu mwingine, halafu ushindi wetu wenyewe. Mimi nikipita na daladala pale huwa natamani kondakta aseme, badala yake wanasema "Lugalo, kuna wa kushuka?"

Vita ya Kagera nitaiona wapi Dar?

Kwa kusoma na kuona picha, anza Makumbusho ya Taifa, na waulize pale mapokezi kilichowekwa kwa wakati huo maana maonyesho yanabadilika. Mtaani kuna Ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga, ambako Novemba 1978 Mwalimu alizungumza na wazee wa Dar akasema uwezo wa kumpiga Idi Amin wa Uganda tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Hotuba ile wengi wetu tumeisikia redioni, lakini kusimama nje ya ukumbi ule ukijua ndio hapa ni kitu kingine. Amin alikuwa ameshavamia na kutangaza kulichukua eneo la kaskazini ya mto Kagera. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979.

Mnazi Mmoja kuna mnara wa mashujaa. Siku ya Mashujaa ni 25 Julai kila mwaka, na kwenye sherehe yenyewe ya kitaifa huwekwa silaha za jadi mnarani, mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka, pamoja na mashada ya maua. Angalia kwanza mwaka huo inafanyika mji gani. Siku ya sherehe usipige picha za walinzi, siku za kawaida mnara uupige kwa utulivu tu.

Ukitaka chanzo kinachopumua, kipo mtaani kwako. Waliopigana Kagera wengi wana miaka sitini na kitu, sabini na kitu. Mjomba wangu ni mmoja wao, anauza vocha na maji mbele ya nyumba, na ukimwambia neno Saba Saba hafikirii maonyesho ya biashara, anafikiria ile mizinga ya kurusha roketi nyingi kwa mpigo, anakaa kimya kidogo halafu anakwambia ilivyolia. Nenda na soda, msikilize kwanza siku ya kwanza bila kurekodi. Siku ya pili omba ruhusa urekodi.

Watoto wadogo niwapeleke?

Wapeleke, kuanzia miaka sita saba hivi wanaelewa. Magari ya zamani yanawashika sana na fuvu la Zinjanthropus linawatisha kidogo kwa raha. Kuna sehemu ya kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 7 Agosti 1998, pale mwandae mtoto kabla, mweleze kwa maneno machache kwamba watu waliumizwa na wengine walikufa, usimwache ajigundulie mwenyewe. Ukisikia anauliza "kwa nini waliwaua" jibu ukweli kwa kiasi chake.

Nataka kufanya video ya kulipwa, au prewedi, au klipu ya mziki?

Hiyo sio ziara tena. Andika barua kwa uongozi wa makumbusho wiki kadhaa kabla, na kwa video ya biashara kuna kibali cha Bodi ya Filamu. Prewedi Bustani ya Botaniki watu wanafanya sana. Makaburini, tafadhali, hapana.

Nikitaka kutoka nje ya Dar?

Bagamoyo ni safari ya siku moja, kuna Ngome Kongwe na Boma la Mjerumani. Songea kuna Makumbusho ya Maji Maji, na ndiko rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikoenda Novemba 2023 akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Kalenga, Iringa, kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954. Kigoma, Ziwa Tanganyika, kuna MV Liemba, meli ya kivita ya Mjerumani iliyozamishwa na wenyewe 1916, ikaibuliwa na Mwingereza 1924, ikarudi kazini 1927 kubeba watu na dagaa. Kaboya, mkoani Kagera, kuna makaburi ya mashujaa wa Vita ya Kagera. Kwa uwezo wa mfuko wangu ningeanza Bagamoyo, halafu Iringa.

Babu yangu alikuwa Keya, tuna picha yake na medali nyumbani. Nifanye nini?

Asante kwa kuuliza hili. Kwanza usisafishe medali kwa mchanga wala limao wala dawa ya kung'arishia masufuria, unafuta maandishi. Ipige kama ilivyo, mbele, nyuma, halafu ukingo. Ukingo ndio watu wanausahau. Medali nyingi za Waingereza za Vita ya Kwanza zimechongwa pale ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi, kwa herufi ndogo sana. Za Vita ya Pili, ya akina babu waliofika Burma na Madagascar, nyingi hazina jina, hizo utategemea karatasi zake na kumbukumbu za nyumbani. Iegemeze medali kwenye kitambaa cheusi karibu na dirisha, asubuhi, taa zote zimezimwa, zungusha taratibu mpaka mwanga uvuke juu ya herufi.

Picha ya ukutani itoe kwenye fremu kama inatoka bila kuchanika, ipige ikiwa imelala mezani, simu imenyooka juu yake, na usisahau nyuma, wapiga picha wa zamani waliandika nyuma. Halafu mwite bibi, au shangazi mkubwa, mtu yeyote aliyemjua. Mwekee picha mkononi sio kwenye simu. Uliza majina yake yote, la nyumbani na la jeshini, maana wengi waliandikishwa kwa jina lingine, karani alivyosikia ndivyo alivyoandika, na mzee wetu mmoja hapa mtaani ukoo mzima unamjua kwa jina ambalo halipo kwenye karatasi yake hata moja. Andika yote mawili kwa penseli kwenye karatasi, weka tarehe na jina la aliyekusimulia, piga picha na hiyo karatasi ikiwa pembeni ya medali.